Kisima Nilichokiandika kwa Kiingereza

Fomu ilikuwa na visanduku viwili na kalamu yangu ilitakiwa kuingia kimoja tu. Utawala wa Miji, au Maendeleo ya Wanawake. Serikali ilikuwa inafungua mafunzo kwa Waafrika waliosoma sekondari, na kwa mara ya kwanza wanawake nasi tuliruhusiwa kuomba. Mie nilikuwa na cheti changu cha darasa la kumi sandukuni, chini ya nguo za mtoto, na mtoto mwenyewe, wa kike, wa mwaka na miezi miwili, alikuwa mgongoni.

Kila aliyeiona ile fomu alijua mahali pangu. Waliochagua Maendeleo ya Wanawake wangesoma hapa hapa mjini na kurudi nyumbani jioni, hata anayenyonyesha alipokelewa. Wangefundishwa kushona, kupika, kuogesha mtoto na kuongoza vikundi vya akina mama. Hawakutakiwa kuandika kitu. Walitakiwa kupeleka foronya moja iliyopindwa kwa mkono, ikaguliwe. Foronya! Nimekaa shule ya bweni miaka yote ile, nimejifunza hesabu za aljebra kwa taa ya chemli, halafu nikapimwe kwa foronya.

Wa Utawala wangepelekwa chuo cha bara, walale huko, wasome sheria za miji na kazi za mabaraza na namna ya kuandika ripoti ambayo mkubwa akiisoma hawezi kuitupa. Hao walitakiwa kuleta insha kwa Kiingereza: eleza jambo moja katika mtaa wako linalohitaji mkono wa serikali, na utoe ushahidi.

Nikatia alama kwenye Utawala. Niliitia kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Na mtoto?" mume wangu akauliza. Yeye alikuwa karani wa ghala, mtu wa Tabora kama mie, mpole, na upole wake ulikuwa unanitia hasira kuliko ukali wa mwanamume mwingine.

"Mtoto ana baba. Ana na shangazi yake, dada yako, anakula ugali wetu mwaka wa pili sasa."

Alikwenda kukaa barazani.

Jambo la kuandika nilikuwa nalo tayari. Tulikuwa tunakaa Buguruni, nyumba ya vyumba sita, sie tumepanga viwili. Bomba la karibu lilikuwa Ilala. Buguruni tuliahidiwa bomba letu, watu wakaja wakapima, wakachomeka vijiti vyenye rangi nyekundu, mvua zikaja zikaviozesha vijiti. Wakaja tena, wakachomeka vingine. Nikaandika yote hayo, kurasa mbili, bila kumung'unya maneno. Mume wangu akasoma, akazirudisha kurasa mezani polepole kama zinaunguza.

"Unawaomba nafasi, papo hapo unawasema?"

"Si wameuliza wenyewe?"

"Wameuliza, mama. Hawakukutuma kuwatukana."

Ningependa kusema nilimpuuza. Nilikaa na zile kurasa siku mbili, siku ya tatu nikazichana. Nilikuwa nimeitaka ile nafasi kiasi kwamba sikutaka imkere mtu yeyote mkubwa. Nikatafuta jambo jingine, dogo, la mtu asiyeweza kunifanya kitu. Nikaona kisima.

Kisima kilikuwa cha bibi wa nyumba ya pili, mjane wa Kizaramo, mwenye meno mekundu kwa tambuu na mdomo usiojua kupumzika. Kilichimbwa na mumewe. Mtaa mzima ulichota pale, na kwa desturi ya pale hakuna aliyebisha hodi. Unaingia uwani, unatoa salamu, unatupa kidoo chako. Maji hayanyimwi. Mie nilipojifungua, mama yangu yuko Tabora na treni ni ya siku mbili, bibi yule ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini. Alinikanda huku ananitukana, kwa sababu Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hakuoneshi huruma waziwazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, punda wa msafara. Lete huo mgongo. Babu zako wamebeba pembe za watu mpaka shingo zimezama kifuani, wewe mtoto mmoja tu unalia?"

"Afadhali sie tulibeba. Nyie mlilala chini ya mnazi mkingoja nazi ijidondoshe yenyewe."

"Ikidondoka tunala. Nyie mnakula nini huko kwenu? Viazi vilivyokaushwa kama ndala za marehemu!"

Basi hivyo kila siku. Na siku moja, kiangazi, maji ya kisima yameshuka na yana rangi ya chai, nikamuuliza kama yanafaa kunywa. Akacheka mpaka akatema tambuu.

"Kunywa tu, mtani. Maji haya yameshazika Wanyamwezi wengi. Kunywa upesi, nina hamu ya ubwabwa wa matanga yako."

Nikanywa. Nilimjibu kitu, sikumbuki nini, tukacheka wote, mwanangu mikononi mwake.

Hayo ndiyo niliyoyaandika. Niliandika kwamba mtaani kwetu kuna kisima kisichofunikwa, watu wengi wanachota, watoto wameumwa matumbo. Hayo yalikuwa kweli, ingawa watoto waliumwa matumbo hata mitaa ya jirani iliyokuwa inachota Ilala. Lakini wameomba ushahidi, na mie sikuwa na ushahidi. Ndipo nikaandika, kwa Kiingereza kizuri kabisa, nikijivunia hata zile alama za kufungulia na kufungia usemi, kwamba mwenye kisima mwenyewe amekiri mbele yangu kuwa maji yake yameua watu wengi, na bado anawahimiza wanywe.

Sikukosea. Sitaki mtu asome hapa akadhani nilikosea. Nilijua ni utani, kila mtu aliyezaliwa nchi hii angejua. Nilijua pia kwamba Kiingereza kitauvua ule utani nguo zote na kuuacha pale mezani ukiwa neno tupu. Ndiyo maana niliuandika.

Nikaitwa kwenye mahojiano. Walikuwa watatu: Mzungu mwanamume, Mzungu mwanamke, na Mwafrika mmoja mtu mzima, karani mkuu, kanzu nyeupe na koti juu, mtu wa pwani dhahiri. Mzungu mwanamke akaniuliza kwa nini mama mwenye mtoto mdogo hakuchagua Maendeleo ya Wanawake. Nikamjibu kwamba kushona nilishajua nikiwa na miaka tisa. Mzungu mwanamume akacheka. Akaipigapiga insha yangu kwa kidole, akasema hii ndiyo inayotakiwa, mtu anayeona.

Kisha yule karani akaivuta karatasi upande wake. Alisoma, akarudia mstari mmoja, akainua macho.

"Bibi huyu mwenye kisima," akasema kwa Kiswahili, taratibu, "ni kabila gani?"

"Mzaramo, bwana."

"Na wewe?"

"Mnyamwezi."

Akanitazama. Nilijua kwamba anajua, naye alijua kwamba nimeelewa. Uso wake haukuwa mkali. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke kwa heshima yangu.

"Alisema hivi kwa dhati?"

Hapo palihitaji neno moja. Ningesema, "Hapana, bwana, ni utani," ningeaibika dakika tano mbele ya watu watatu, basi. Mzungu mwanamume alikuwa bado ana tabasamu lake kwa ajili yangu. Nikalitazama lile tabasamu.

"Alisema, bwana."

Karani akairudisha karatasi katikati ya meza.

Sikufikiri kwamba insha ya shule inaweza kutembea. Huo ndio ujinga wangu, na ni ujinga wa watu waliosoma: tunaandika tukidhani msomaji atatupa alama tu. Karatasi yangu ilitoka meza ile ikaenda meza nyingine, na wiki ya tatu bwana afya akaingia Buguruni na vibarua wanne, mkokoteni wa mawe na mifuko ya saruji. Hawakupima maji. Walikuwa wameshaambiwa. Wakamwaga mawe, wakapiga zege juu. Wanawake walisimama na ndoo zao tupu, mie nikiwa mmojawapo, nimeshika ndoo yangu kama wao. Mmoja akaniuliza, "Wewe umesoma, mwenzetu, hebu waulize kwa nini." Nikasema sijui.

Bibi akaitwa barazani kwa jumbe kujieleza. Tulikwenda wengi, ilikuwa kama kumsindikiza. Bwana afya akafungua jalada, akamsomea, sasa kwa Kiswahili, kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza changu.

"Je, ni kweli umekiri kwamba maji yako yameua watu wengi?"

"Watu?" bibi akashangaa. "Watu gani?"

"Imeandikwa hapa. Wewe mwenyewe umesema, na ukahimiza watu wanywe."

Watu wakaguna. Bibi akafikiri, nikamwona anafikiri, kisha uso wote ukafunguka na akaanza kucheka.

"Aka! Si watu hao, bwana, ni Wanyamwezi!"

Baraza zima likaangua kicheko. Hata jumbe alicheka mpaka akashika tumbo. Bwana afya, ambaye alitoka pande za mbali, hakucheka, aliandika. Na wakati watu bado wanacheka, kicheko cha bibi kikakatika. Maana maneno yale alimwambia mtu mmoja tu, uwani kwake, na huyo mtu alikuwa anajua kuandika. Aligeuza kichwa akanitafuta. Akaniona. Hakuninyooshea kidole. Alivuta kanga yake akajifunika vizuri, kama mtu aliyegundua kwamba kumbe kuna mgeni chumbani.

"Sina la kuongeza, bwana," akamwambia bwana afya. "Kama imeandikwa, imeandikwa."

Zege likabaki. Kuanzia siku ile mtaa ulichota Ilala, kwenda na kurudi saa nzima, na yeye na magoti yake mabovu akawa anakwenda na wenzake.

Nilivumilia siku tano. Siku ya sita nikaingia uwani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Hujambo? Mtoto hajambo? Baba watoto hajambo?"

Nikangoja. Hakuna kilichofuata. Alinyanyuka, akaniletea kigoda, akakifuta vumbi, yeye mwenyewe akarudi kukaa kwenye mkeka. Miaka miwili tulikaa mkeka mmoja.

"Bibi, ni mie niliyeandika."

"Najua, mama."

"Nitukane basi. Mie mtani wako."

"Nikutukane kwa lipi?" Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Wewe mtu wa serikali sasa. Mtu wa serikali hana mtani."

Mwanangu alishajitupa mapajani kwake, anauvuruga ule mchele. Bibi akambusu utosini, akamwinua, akanirudishia. Kwa adabu kabisa. Nilitoka pale na hasira, na sikujua namkasirikia nani; nilimkasirikia hata yeye, Mungu anisamehe, kwa kutonipiga hata kofi.

Barua ikaja wiki hiyo hiyo. Nimekubaliwa, Utawala wa Miji. Waliandika kwamba insha yangu imesifiwa kwa sababu imezaa matunda hata kabla sijaanza masomo. Nilipewa siku kumi kuthibitisha, na chini kabisa kulikuwa na mstari kwamba mwombaji mwanamke aweza bado kuhamia Maendeleo ya Wanawake akipenda.

Mume wangu akauweka ukucha wake kwenye mstari ule. "Hama," akasema. "Utabaki hapa, utalea, na huyu bibi taratibu mtapatana. Hujachelewa."

"Nikihama kisima kitafunguka?"

"Hakitafunguka. Lakini utakuwa hukukipandia mgongoni kufika juu."

Huyo ndiye mpole wangu. Alisema mara moja tu.

Nilithibitisha Utawala. Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilikwenda ili siku moja nikae kwenye ile meza nilete bomba Buguruni. Nimelisema hilo vizuri sana, kwa lugha mbili. Si kweli. Siku ile sikuwaza bomba. Nilikwenda kwa sababu niliitaka ile nafasi, na niliitaka vilevile baada ya kujua bei yake na aliyeilipa. Mtoto nikamwachisha ziwa kwa shubiri, akalia siku tatu, nikamzoeza kwa shangazi yake. Zile foronya za wenzangu nilizozicheka hazikumfukia mtu kisima.

Jibu nililipeleka posta mwenyewe, Jumatatu asubuhi, kwa miguu. Ilikuwa saa ambayo wanawake wanarudi na maji. Nikaiacha njia kubwa, nikapita nyuma, kwenye mihogo ya watu, nikiinama, ili nisikutane na bibi akitoka Ilala, akanisalimia kwa ile adabu yake.