Mama Katika Kikosi cha Angani

Fundi cherehani yule hajui kutulia. Hata akiongea na mteja, mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu kana kwamba kuna pedeli chini yake. Na tangu binti yake ahamie mji wa mbali kikazi, mguu ule haukujua mapumziko. "Mama, niko kazini, nitakupigia," binti alikuwa akisema, halafu kimya.

Lakini kila Jumamosi mchana binti huyohuyo alikuwa na muda wa kupigana vita vya angani kwenye kompyuta, yeye kapteni, wenzake wakimfuata mtandaoni. Mama akaona heri nusu shari. Akanunua kompyuta ya mtumba, akaiweka kando ya cherehani, akaomba nafasi kikosini. Mashoga zake walimcheka mpaka wakachoka, naye akawaacha wacheke.

Mchezo ulikuwa mgumu kuliko suti ya bwana harusi mwenye kitambi. Kuna ngao, kuna makombora, kuna umeme wa kugawa huku na kule, na vyote vinataka kidole kwa wakati mmoja. Akabandika vitambaa kwenye vitufe: chekundu kupiga, kijani ngao. Hayo aliyamudu. Kilichomshinda ni kusimama. Maisha yake yote, ukiondoa mguu cherehani inasimama. Kule angani ukiachia kitufe chombo kinaendelea kuteleza, mpaka ukigeuze na kusukuma kinyume. Kila palipokuwa na hatari mkono ulimtangulia kuachia, naye akawapita maadui na kutokomea.

"Mama, geuza kwanza," binti alimwambia kila mara. Angalau alikuwa akimwambia kitu.

Jumamosi ya mtoano, ambapo anayeshindwa anatoka, mama aliteleza tena, mafuta yakamwishia mbali na wenzake. Rada ikapiga kelele: maadui wanamkaribia.

"Kapteni, mwache huyo," alisema mmoja wao, wanayemwita Kobe.

Binti hakumwacha. Alikwenda kumvuta, na nyuma yake kikosi kikasambaratishwa.

"Sasa chagua," Kobe akasema, sauti imekauka. "Mama yako au sisi. Tumevumilia vya kutosha."

Mama alisikia pumzi za binti masikioni, jibu bado, akaona aibu kwa niaba ya wote wawili. Hakutaka mwanawe akose wenzake ugenini kwa sababu yake. Akabonyeza kutoka, akazima kompyuta. Akavuta suruali ya mtu, akashona pindo, akaliharibu, akalifumua. Roho ilimuuma, maana muda ule ndio pekee waliokuwa nao.

Simu ikaita. Ilikuwa binti, yeye ambaye kwa kawaida hapigi.

"Mama, mbona umetoka? Sikuwa nimemjibu bado."

"Nimekurahisishia, mwanangu. Kaa na wenzio."

"Nimeshawaambia nakaa na wewe, wameondoka wote. Niko peke yangu huku."

Mkono wa mama ulikuwa umeshafika kwenye swichi ya kompyuta.

"Washa basi," binti akasema. "Leo nitakufundisha kusimama."