Nilivyogoma kuachia karatasi ya Mama Furaha kwenye kaunta ya polisi, Joburg

Wakuu, heshima kwenu kutoka Joburg, ambako baridi wiki hii inauma hadi kwenye kope.

Hiki kisa sijakiongeza chumvi. Mahali mtakapoona nilikuwa mjinga, mjue nilikuwa mjinga kweli.

Mimi ni fundi cherehani, form four, division msiniulize. Naishi ghorofa ya tano kwenye jengo ambalo lift ilikufa kabla sijahamia, karibu na Marshalltown. Cherehani iko chumbani, kitanda kiko chumbani, jiko liko chumbani. Nikijitahidi sana natoka Ijumaa, nakwenda Fordsburg kununua zipu na uzi, narudi mbio kama niliyeacha maharage motoni.

Mke wangu yuko Tanga. Anasema nilivuka mipaka yote ile ili nije kukaa ndani.

Sasa hii tabia ya kukaa ndani ikanipa cheo. Majirani zangu wengi ni Wakongo na Warundi, na karatasi ya mtu aliyeomba ukimbizi ni karatasi tu, wakuu. Ikilowa, ikichanika au ikiibiwa pamoja na pochi, unaanza upya, na kuanza upya huku ni foleni za miezi.

Kwa hiyo mtu anatembea na copy iliyogongwa muhuri, original inalala kwenye droo ya cherehani yangu. Fundi hatoki, karatasi haipotei. Ndiyo hesabu yao.

Jumapili moja baada ya ibada walijaa chumbani kwangu. Kisingizio ni kupunguza suruali, ukweli ni chai. Ukazuka mjadala wa polisi kukagua karatasi barabarani.

Salvator, Mrundi, mlinzi wa duka, msimamo wake ni mmoja tu: "Sheria inawaruhusu. Wakikwambia toa, toa. Sema asante, nenda kazini."

Mama Furaha akamkatalia huku mdomo umejaa mandazi yangu. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, msusi, kiti chake kiko kwenye lami huko chini mtaani, na kwa Kiswahili cha kwao watu ni bantu.

"Inawaruhusu kuuliza, Salva. Haiwaruhusu kuokota bantu kama kuni. Lazima akuwe na sababu. Na mbele ya kukufunga, akusaidie kwanza kuhakikisha weye ni nani."

Alielezwa hayo na wanasheria wa msaada, wakampa na kipeperushi.

"Hicho kipeperushi utampiga nacho polisi kichwani?" Salvator akauliza.

Wakanigeukia mimi nitoe neno. Nikasema chai inapoa.

Jumanne yake, saa tano asubuhi, simu ikaita. Namba ya Mama Furaha, sauti si yake. Alikuwa MaDlamini, mteja wake, mama wa Kizulu, mkubwa kwa umri na kwa sauti.

"Tailor! Wamemchukua! Leta original yake. Gari la kupeleka watu kwenye kambi ya kurudishwa makwao linaondoka saa nane!"

Wakuu, mimi ni mtu wa kutuma watu. Nikatafuta wa kumtuma. Salvator kazini, wengine kazini. Nikabaki mimi na droo.

Nikaichukua karatasi, nikaitia kwenye plastiki, nikaitumbukiza ndani ya shati, nikashuka ngazi. Kwenye kila robot, yaani taa za barabarani za huku, nilisimama hata kama taa inaniruhusu kuvuka. Miguu ilikuwa inatafuta sababu.

Kituo sikitaji. Nilipoingia nilimkuta MaDlamini kwenye kaunta. Upande wa kulia wa kichwa rasta zimeshuka hadi begani, zimenyooka vizuri. Upande wa kushoto nywele zimesimama wima kama zimeona jambazi.

"Nani atamalizia kichwa hiki?" alikuwa anamuuliza polisi mmoja kijana. "Wewe? Una mikono ya kusuka wewe?"

Polisi alikuwa anatazama ukuta.

Nikatoa karatasi. Akanyoosha mkono. "Lete, kakae pale. Tutaangalia."

Hapa niwaeleze kitu. Kwenye jengo letu original haiachiwi. Zipo zilizokwenda "ofisi ya nyuma" na hazikurudi, na aliyezipeleka hakumbuki. Kwa hiyo afisa anashika kona moja, wewe unashika kona nyingine, anasoma.

"Soma afande, mimi nakushikia," nikamwambia kwa kile Kiingereza changu cha kuungaunga.

"Achia."

"Soma tu. Herufi hazikimbii."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba kama cherehani inayodai mafuta. Lakini vidole viligoma, wakuu. Niliwaza Mama Furaha yuko nyuma ya ukuta ule, na kitu pekee cha kumtoa nimekishika mimi, mtu ambaye huwa anaogopa hata kwenda kununua mkate.

Akasema copy aliyokuwa nayo Mama Furaha haithibitishi kitu. Nikamwomba aitoe. Muhuri ulikuwa wa kituo kilekile. Waliigonga wao wenyewe, kaunta ileile!

"Kwa hiyo muhuri wenu wenyewe huuamini?"

Akaigeuza ile copy kifudifudi.

Nikamgeukia MaDlamini. "Mama, wewe walikuomba kitambulisho?"

"Waliniomba. Nikawaambia kiko nyumbani."

"Wakafanya nini?"

"Eish, wakaniambia nikae vizuri."

Nikamwambia yule polisi: "Mwenye karatasi mmemkamata. Asiye nayo mmemwambia akae vizuri. Hiyo si kukagua karatasi, ni kukagua sura."

MaDlamini akapiga kaunta. "Yebo! Mwambie!"

Kelele zikamtoa sajenti mmoja, mama mtu mzima, miwani puani. Hakuninyang'anya. Akainama, akasoma karatasi ikiwa mkononi mwangu, akanakili namba, akaenda kupiga simu. System iko chini. Akapiga tena. Iko chini. Nikasimama pale mkono juu ya kaunta karibu saa nzima, umekufa ganzi hadi bega, saa ya ukutani inaisogelea saa nane.

Saa nane kasorobo akarudi. "Iko valid. Mtoeni."

Mama Furaha akatoka, kitana bado kimechomekwa nyweleni. Nikamkabidhi karatasi yake mkononi.

Ningekuwa na akili ningeondoka hapohapo. Nikajifanya naaga.

"Na wewe," akasema yule kijana, "permit yako iko wapi?"

Nikapapasa shati. Nikapapasa suruali. Mtunza karatasi wa jengo zima nimetoka na ya jirani, yangu nimeiacha juu ya meza, pembeni ya kikombe.

Mama Furaha akanitazama kwa huruma kidogo na dharau nyingi. "Fundi weye! Ya bantu yote unachunga, ya kwako unaiacha ku meza?"

Kijana akatabasamu, mara ya kwanza siku ile.

Nikavuta pumzi. "Afande, hukunikamata. Nimekuja hapa kwa miguu yangu. Anayejificha haji polisi. Una haki ya kuniuliza, sawa. Na mimi nina haki ya kusaidiwa kuthibitisha. Iko ghorofa ya tano, lift haifanyi kazi. Twende wote, au aende huyu mama."

Sajenti akaniangalia juu ya miwani. "Aende huyu mama."

Nikampa Mama Furaha ufunguo, akaenda. Akarudi na permit yangu, na mfuko wa rasta. Sajenti akaanza kupiga simu, system ikawa chini tena. Mama Furaha akamkalisha MaDlamini kwenye benchi la kituo, akachomoa kitana, akaendelea pale alipokatizwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Permit yangu ilipothibitika, tuliondoka kichwa kimekamilika.

Nilichojifunza: kuulizwa si kosa, na kujibu si unyonge. Ila sheria inayompa polisi swali imempa na mpaka, na huo mpaka hataukumbuka yeye, utamkumbusha wewe, hata kama sauti inatetemeka. Na utoke na karatasi YAKO, mjomba.

Salvator anasema nilibahatika tu, siku nyingine nitalala ndani. Huenda kweli. Ila kona yangu ya karatasi bado siiachii.

Mlioko nje, polisi wakiwasimamisha mnafanyaje? Na akina Salvator wa humu najua mpo, karibuni mnitukane.