Mama Wawili Kisiwani

Nilipoamka Jumamosi ile, mama wawili walikuwa wameshavaa na kukaa kwenye kochi langu, mikoba magotini, kama watu wanaoogopa kuachwa na gari. Kulikuwa bado giza. Niliwaambia gari linakuja baada ya chai. Mama yangu akasema chai wameshakunywa, na sufuria wameshaosha.

Mama yangu ni mfugaji. Boma lake liko nje kidogo ya Kakuma, na kwa miaka mingi amekuwa akipeleka maziwa na kuni kuuza kwenye kambi ya wakimbizi. Huko ndiko alikokutana na yule mwenzake, mama kutoka Sudan Kusini mwenye kibanda cha chai sokoni, aliyekuwa mteja wake wa kwanza kila asubuhi. Walianza kwa kubishana kwamba maziwa yana maji. Sijui ni lini ubishi uligeuka kuwa urafiki, kwa sababu mpaka leo wanabishana. Lugha yao ni Kiswahili walichojitengenezea wenyewe, na mimi namwita yule mama, mama mdogo.

Safari ilikuwa wazo la mama mdogo. Alikuwa ameniambia mara moja, nikiwa nimewatembelea likizo, kwamba alizaliwa kando ya mto mkubwa, na tangu afike Kakuma hajaona maji yanayozidi mtungi. Mimi ni mwalimu, nimeishi Lodwar miaka mingi, ziwa liko mwendo mfupi tu kwa gari, na kisiwa chake nilikuwa nimekiona kwenye picha za kalenda peke yake. Niliona aibu. Kwa hiyo mama mdogo alipopata ruhusa ya kutoka kambini kuja kunitembelea pamoja na mama, nilimpigia simu nahodha mmoja wa Kalokol niliyeelekezwa na mwalimu mwenzangu, nikamwambia tuko wanawake watatu na tunataka kufika kisiwani na kurudi.

Ufukweni nahodha alitupokea kwa heshima. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Aliwasalimu mama zangu, ejok, ejok, halafu akatugawia majaketi ya kuokolea maisha. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mama yangu huvaa shanga zinazoanza mabegani na kuishia kidevuni, na jaketi lilikataa kabisa kufunga. Nahodha akamwomba azivue kwa muda tu. Mama akamtazama kama mtu aliyeombwa avue shingo. Mwishowe jaketi lilifungwa kwa kamba ya nyavu, likamkaa juu juu, na akaingia kwenye mashua akiwa amesimama wima kama ndoo.

Injini ilipowaka alinishika mkono. Tulipoacha ufuo akanishika mikono yote miwili. Mama mdogo yeye alikaa mbele kabisa, akatumbukiza vidole majini, akainamisha kichwa. Nilidhani analia. Nilipochungulia nikakuta anatabasamu peke yake, mdomo wazi, maji yakimrukia usoni. Kisha akageuka, akachota kiganja kizima, akammwagia mama yangu. Mama alilamba midomo, akatema.

“Hii maji iko na magadi,” akasema. “Nani aliharibu?”

Tulianza kucheka hapo na sikumbuki kama tuliacha.

Kisiwa ni cheusi. Mawe meusi, mchanga mweusi, na ndege weupe wamesimama juu yake kama nguo zilizoanikwa. Nahodha alituongoza kupanda ukingo wa kreta ya volkano polepole, akituonyesha pa kukanyaga. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na mimi ndiye niliyekuwa nahema kuliko wote. Tulipofika juu tukaliona: chini yetu, ndani ya kisiwa, ziwa lingine, la kijani kibichi, limetulia. Pembeni yake mamba walikuwa wamejilaza, na kutoka kule juu walionekana wadogo kama mijusi ya ukutani.

Mama aliangalia lile ziwa dogo, akageuka akaangalia lile kubwa tulikotoka, akarudia mara kadhaa. Halafu akaniambia kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba ziwa limezaa. Nilimtafsiria mama mdogo. Naye akashika kifua, akasema kwao mto haujawahi kufanya hivyo. Mama yangu alifurahi sana kusikia hivyo, kana kwamba kisiwa ni mali yake na ameshinda.

Tulishuka kwa upande wa nje, ule wa ufukweni, ambako mteremko ni majivu laini, nahodha akitangulia. Mama mdogo aliteleza hatua ya pili. Alikaa kitako, na badala ya kusimama akaendelea kwenda, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, kitenge kikipepea, vumbi jeusi nyuma yake kama la lori. Mama yangu aliita mizimu ya babu zake wote. Lakini kutoka chini ilisikika sauti ya mama mdogo akicheka, kicheko cha msichana, na akapiga kelele:

“Njoo. Iko tamu.”

Mama yangu ana wajukuu kumi na ushee. Alikunja shuka lake, akakaa chini, akanitazama kidogo kama anayeniaga, na akajiachia. Shanga zilikuwa zinalia njia nzima kama mvua ya mawe kwenye mabati. Nilibaki peke yangu kule juu, mwalimu, nimevaa suruali yangu nzuri. Nikawafuata.

Tulirundikana chini sote watatu, weusi kuanzia visigino mpaka kope, hatuwezi kusimama kwa kucheka. Nahodha alikuwa amegeuka kutazama ziwa, kwa heshima, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alitukokea moto mahali panaporuhusiwa, karibu na maji, akachoma samaki, ngege aliokuwa amekuja nao kutoka ufukweni asubuhi, wanono, amewapaka chumvi tu. Mama mdogo alifungua mkoba akatoa kisra, ule mkate wao mwembamba kama kitambaa, na mama yangu akatoa kibuyu cha maziwa na nyama ya mbuzi iliyokaushwa. Kwa kina mama yangu, samaki huliwa na aliyefiwa na mifugo yote. Aliitafuna nyama yake kavu akitutazama tukilamba vidole. Harufu ilikuwa inamfikia, nilikuwa naona pua yake inavyofanya kazi.

Mama mdogo hakumbembeleza. Alichambua kipande cha mgongoni, akakagua miiba, akakizungushia kisra, akamwekea mkononi.

“Mimi nilikunywa maziwa yako miaka yote,” akasema. “Hata ile ya maji.”

Mama akakitia mdomoni. Akatafuna macho yamefumbwa. Alipoyafumbua aliuliza, bila kumtazama mtu yeyote, kama yule mwingine mkubwa pale motoni ana mwenyewe.

Alikula wawili. Kichwa cha wa pili alikinyonya mpaka kikabaki kama kitana.

Upepo ulianza kupanda na nahodha akasema ni vizuri tuondoke. Mawimbi yalitupiga njia nzima, tukalowa mpaka majivu yakatuchuruzika. Mama yangu, ambaye asubuhi alikuwa amenikwaruza mikono kwa woga, alianza kuimba wimbo wa fahali wa nyumbani kwao. Mama mdogo akaanza wa kanisani, kwa lugha yake, mapigo tofauti kabisa. Hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake. Nahodha alipunguza mwendo wa injini kidogo, nadhani asikie vizuri.

Ndani ya gari la kurudi Lodwar walilala kabla hatujaiacha Kalokol, kichwa cha mmoja kwenye bega la mwingine, wananuka samaki na moshi. Jumatatu mapaja yaliniuma kiasi kwamba nilifundisha nikiwa nimekaa. Wanafunzi waliniuliza kwa nini natabasamu katikati ya hesabu za sehemu, nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.