Nilisimama mahakamani upande wa shemeji yangu, ukoo ukanifuta

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha, maana kuna ndugu zangu wanapitaga humu na wakisoma watajijua. Naandika kwa simu, mnivumilie.

Kaka yangu Festo alifariki kwa ugonjwa wa figo. Aliacha mke, shemeji yangu Vero, na mabinti wawili. Mkubwa, Neema, alikuwa kidato cha pili. Walikuwa wanaishi Kinyerezi, kwenye nyumba waliyoijenga wenyewe.

Nasema wenyewe nikiwa na maana yangu. Kiwanja kilinunuliwa kwa hela ya Festo pamoja na mtaji wa genge la shemeji, genge likafa hapohapo. Msingi nimechimba mie. Shemeji alikuwa anabeba maji ya zege kichwani akiwa na mimba ya mtoto wa pili. Fundi akimwambia apumzike, anacheka tu.

Sie ni watu wa Masasi. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti, na mjomba wetu, Kalisto, akisema jambo hata mama yangu anainamisha kichwa. Baada ya arobaini akaitisha kikao cha ukoo, palepale sebuleni kwa marehemu. Shemeji na wanae wakaambiwa wakae nje, wenye ukoo waongee.

Mjomba akasema nyumba ni ya ukoo, ilijengwa kwa michango yetu. Shemeji achukue mabinti zake arudi kwao Singida. Angekuwa na wa kiume, akasema, tungeongea vingine.

Nikasema, "Mjomba, hakuna mtu humu aliyechanga hata tofali moja. Tulijenga sie watatu."

"Kaa chini," akaniambia. "Unaongea kama umeolewa wewe."

Wakacheka. Na walioongoza kucheka ni mama zangu wadogo, wanawake wenzake Vero. Hilo linanikera mpaka leo kuliko yote. Mmoja wao alishawahi kufukuzwa hivyohivyo kwa mumewe, akarudi kwetu na mfuko wa rambo. Nilidhani yeye angefungua mdomo.

Basi, mjomba akaenda mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kile kikao, akapewa usimamizi wa mirathi. Mwanae akahamia kwenye nyumba. Mama yangu naye akaletwa, akapewa chumba cha watoto. Shemeji akatoka na magodoro, akapanga chumba kimoja Kiwalani.

Mjane mwenzake wa kanisani ndiye aliyempeleka kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, wanawasaidia wanawake bure. Akapewa wakili, dada mdogo tu, mpole, nitamwita Halima. Nilimsindikiza shemeji. Wakili Halima akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akanigeukia.

"Kaka, sheria iko upande wake. Ninachokosa ni mtu wa kusema nani alijenga. Utasema?"

"Nitasema."

"Usinijibu leo. Ukisimama pale utakuwa unampinga mjomba wako mbele ya mama yako."

Nikarudi home, wife naye akasema nifikirie. Nikakaa kufikiria. Sikuona cha kufikiria.

Wakuu, kesi inachosha. Leo hakimu yuko semina, kesho faili halionekani, keshokutwa mjomba anaumwa. Shemeji anaamka anapika vitumbua, anauza, anavua aproni, anaenda mahakamani, anaambiwa arudi tarehe nyingine. Neema akaanza kukosa shule ili amshikie mama yake biashara. Wakili Halima hakukosa hata mara moja.

Siku yangu ikafika. Nikaapa, nikaeleza yote. Mjomba hakuwa na wakili, akasimama kuniuliza mwenyewe.

"Mama yako anaishi wapi?"

"Kwenye hiyo nyumba."

"Kwa hiyo umekuja kumtoa mama yako."

"Nimekuja kusema nani alijenga."

Mama alikuwa benchi la nyuma. Akainuka, akatoka taratibu huku anashika ukuta.

Tulishinda. Usimamizi wa mjomba ukatenguliwa, akapewa shemeji. Hakimu akasema wazi kwamba jasho la mjane ni mchango kama hela ya mumewe, na mtoto wa kike ni mrithi kama wa kiume. Shemeji akalia, Wakili Halima kamshika bega. Mie nilikuwa naangaza macho kumtafuta mama.

Tulipoenda kukabidhiwa nyumba tukakuta mtoto wa mjomba kang'oa milango, madirisha, mpaka sinki. Majirani walimwona wakanyamaza, eti ugomvi wa ndugu.

Mama alikuwa amekaa barazani na begi lake. Shemeji akampigia magoti. "Mama, chumba chako ni kilekile. Usiende popote."

Mama akainua begi lake. Akapanda bajaji na mjomba, wakaenda nyumbani kwake Mbagala.

Sasa hivi shemeji kaweka mapazia panapotakiwa kuwa na milango. Neema karudi shule. Mie kwenye group la ukoo nimetolewa. Binti wa mama mdogo aliolewa, nikaona picha kwa watu. Mwanangu alipobatizwa, upande wetu hakuja mtu.

Nilichojifunza ni kwamba sheria inafanya kazi, ila haiwezi kwenda yenyewe. Inataka mtu wa kuikimbilia, wakili mwenye moyo, na ndugu mmoja wa kusema kweli, na huyo ndugu ndiye haonekanagi. Wanaume wenzangu, andikeni majina mawili kwenye hati mkiwa hai. Msiseme "ndugu zangu hawako hivyo." Festo alikuwa anasema hivyohivyo.

Sijutii. Ila msinipongeze kwenye comments, sijisikii mshindi.

Kila Jumapili naenda Mbagala. Nafika mlangoni nasema, "Shikamoo, mama."

Anasema, "Nenda kamwamkie hakimu."

Aliyepitia hili na mzazi wake, naomba aniambie alifanyaje. Nasoma zote.