Nilipotolewa Kwenye Kikao cha Wakfu

Nilikuwa nimestaafu ualimu, nimetulia kwangu Takaungu, nilipopigiwa simu na wakfu mmoja wa hisani unaofadhili utafiti wa usalama barabarani. Bodi yao ilikuwa na daktari, mhandisi na wakili. Sasa walitaka mjumbe mmoja zaidi, mtu wa kawaida, wa kwenda kwa miguu.

"Basi mmempata," nikawaambia.

Kikao changu cha kwanza kilikuwa Kilifi mjini. Utaratibu ulikuwa hivi: mwombaji wa fedha anaeleza utafiti wake, tunamuuliza maswali, anatoka, kisha tunapiga kura. Kura yangu ilikuwa sawa na ya daktari! Usiku wa kuamkia siku ile sikupata hata lepe la usingizi.

Mwombaji wa tatu aliingia akitembelea mkongojo. Aliponiona akasahau bodi nzima. "Mwalimu! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa mwanafunzi wangu. Aligongwa na gari akiwa darasa la sita, nami nikawa namfuata hospitalini kumfundisha hesabu kitandani. Leo alitaka kuchunguza kwa nini watu wa Mnarani hawavukii barabara pale palipochorwa kivuko.

Mwenyekiti, mama mpole lakini hapindi, akanitazama. "Mwalimu, mnajuana?"

"Nimemsomesha. Nampenda kama wangu."

"Ahsante kwa kusema kweli. Kanuni yetu ni kwamba mjumbe wa bodi anayemjua mwombaji haulizi, hapigi kura, wala hakai humu ndani."

Nikatoka. Iliniuma, maana ombi nililolitamani kuliko yote ndilo nililokatazwa kulisemea. Nikaketi ukumbini. Baadaye naye akatoka, akaketi kando yangu.

"Wameniuliza mengi, mwalimu. Nimetota jasho."

"Nyamaza. Tusiongee habari hiyo, nisije nikavunja kanuni." Tukashikana mikono tu.

Mlango ukafunguliwa. "Ombi limepita," mwenyekiti akasema, "kwa sharti moja: uanze kwa kuwasikiliza wauza samaki wa pale stendi ya Mnarani, na matokeo uwasomee wao kwanza, kwa Kiswahili."

Nilipiga kigelegele mle ukumbini, mtu mzima mimi, mpaka wakili akachungulia.

Miezi ikapita. Siku ya kusoma matokeo nilifika Mnarani mapema kuliko mtafiti mwenyewe. Akasoma: kivuko kimewekwa mbali na stendi, na mwenye ndoo ya samaki kichwani hawezi kuzunguka kote kule.

"Hilo mbona tungewaambia tangu siku ya kwanza!" mama mmoja akapaza sauti.

"Na mliniambia, mama," mtafiti akajibu. "Mimi nimeliandika tu, likasikika."

Vicheko vikalipuka. Maofisa wa barabara walikuwapo, wakaahidi kukisogeza kivuko, na wiki chache baadaye wakaja kweli na rangi. Kabla haijakauka sawasawa, wale mama walikuwa wameshaanza kuvuka, ndoo kichwani, malori yamesimama yakiwangoja.