Kilio cha Shangazi

Juzi kwenye simu niliiona tena filamu ya shangazi yangu, aliyehamia Sinza kutafuta uigizaji. Mara ya kwanza niliitazama utotoni, kwenye banda la video pale Matema, jenereta likinguruma na harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, ikiingia kutoka vichanjani. Wakati wanairekodi ndipo babu, baba yake, alipofariki, naye hakuruhusiwa kuja kuzika.

Aliigiza mjane. Aliliangukia jeneza la mumewe akilia, “Tata! Tata!”

Banda zima likacheka.

“Bibi, shangazi amekosea,” nikanong'ona kwa aibu. “Mume haitwi baba.”

“Hajakosea, mjukuu wangu.”

Bibi akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akampokea shangazi kwa kilio, kama wanavyopokewa waliochelewa msibani.