Turbo ya Mzee Wendelini

Fundi wetu wa Mfaranyaki hakuelezea ugonjwa wa gari kwa maneno. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, kisha anakuigia kwa mdomo: beringi iliyokufa, mkanda uliolegea, eksozi iliyotoboka. Akimaliza anajifuta midomo kwa tambara chafu kuliko mikono yake, na wewe unaondoka umeelewa kila kitu. Miaka ile magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika, Mzee Wendelini alimletea Korola yake aifungie turbo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, iliyofunguliwa kwenye lori bovu. Mtaa mzima wa Msamala ulikwishatangaziwa kuwa Korola hiyo italia mluzi kama lori likipanda mlima. Siku ya kuijaribu fundi alikaa mbele na mzee, mimi nyuma, tukaanza kupanda mlima Matogoro huku gari ikikohoa tu.

“Fundi, mbona hailii?” mzee akauliza.

“Inasubiri injini ipate moto, mzee,” fundi akajibu, akageukia dirishani. Mara mluzi mwembamba ukasikika, ukawa unapanda kila gari inapopanda. Mzee akatabasamu mpaka kileleni, akiwapungia mkono watu wa mashambani. Mimi niliiona shingo ya fundi ilivyovimba. Tulipoanza kuteremka, mzee akazima injini kuokoa petroli, kama kawaida yake kwenye kila mteremko. Korola ikaserereka kimya. Fundi alikuwa amefumba macho, na mluzi ukaendelea.

Mzee akanigeukia taratibu.

“Umeona kazi ya fundi,” akaninong’oneza. “Hata gari ikizimwa, turbo yenyewe haizimiki.”